Mtumbwi wa Mama Damari Haukufungwa Dawa

Ndugu, majirani, amahoro, amani kwenu nyote. Tumekuja kumsindikiza Mama Damari Niyonkuru. Familia inajua wengi wenu mna swali mlilomung'unya miaka mingi: yule mama alikuwa anategemea nini? Tulieni, tutafika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kabonga, mtoto wa tatu wa Mzee Yosiya na Mama Ruti. Alisoma shule ya msingi hadi mwaka wa tano, akaacha ili alee wadogo zake. Mwaka 1978 alibatizwa ziwani. Binti mzima wa mwambao, lakini aliogopa maji, akamng'ang'ania mchungaji shati mpaka vifungo vikakatika! Mchungaji alitoka majini kifua wazi, na Damari alikicheka kisa hicho maisha yake yote.

Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na Venanti hapa Minago, wakajaliwa mvulana, Aksanti, na binti, Eliza. Venanti alivua, yeye akaanika ndagala, dagaa wa ziwani, na kuziuza, na mteja hakuambiwa bei kabla ya kutaniwa. Mwaka 2003 malaria ikamchukua Venanti. Alimwachia mjane wake mtumbwi mpya ambao ulikuwa haujagusa maji.

Hapo ndipo watu walipoanza kumshangaa. Desturi ya hapa tunaijua: mtumbwi mpya haushuki mpaka mganga aufunge dawa mbele, la sivyo wavuvi hawapandi. Mama Damari akakataa katakata. Nahodha Mansuri, rafiki wa Venanti, akamfuata nyumbani.

"Mama Aksanti, weye uko muzima kweli? Bila dawa hakuna mutu atapanda."

"Basi utakaa muchangani. Nimemupa Mungu auchunge, mulinzi mwingine wa nini?"

Ukakaa kweli, kuku wakataga ndani yake. Yeye akalima muhogo wa watu na kubeba mawese ya watu, na Jumapili akaimba kwaya kwa sauti ileile. Baadaye Aksanti alipopata nguvu, aliushusha pamoja na vijana wa kanisa, wakavua vizuri tu.

Tarehe 19 Oktoba 2011 dhoruba ikaupindua mtumbwi. Wenzake waliokolewa. Aksanti hakuokolewa.

Jamani, pwani nzima ilimkodolea macho. Sasa atamwita mganga? Wengine walisema waziwazi kwamba ukaidi wake ndio uliomuua mtoto, na maneno yakamfikia, yakamchoma. Alilia, akasusa chakula, akamuuliza Mungu kwa sauti, mbele ya watu, kwa nini. Matanga yalipoisha Mansuri akarudi na habari ileile ya mganga.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Mansuri, mutumbwi wa ndugu yako Zubeir, ule uliozama naye, ulikuwa na dawa?"

Mansuri akainama. "Ulikuwa nayo."

Hakumcheka. Alimwekea ugali na ndagala. "Basi sisi wote tumefiwa. Kula, shemeji."

Mtumbwi ukatengenezwa, ukasubiri tena wavuvi. Asubuhi moja Mansuri akaja na kasia lake begani, akapanda, na wengine wakamfuata. Mansuri alibaki Mwislamu, na mama hakumdai kitu kingine. Kila Idi mama alimpelekea ndagala bora.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mama mwaka 2022, na mwaka jana alikatwa mguu. Alipolazwa Rumonge, Eliza, aliyemuuguza, alimuuliza lile ambalo sote tulitaka kulijua.

"Mama, wewe haukuwahi kuogopa?"

"Niliogopa kila siku, mwanangu. Mutumbwi ukitoka, nasimama muchangani mpaka unapotea machoni. Naomba, naenda kupika, naomba tena mpaka urudi."

"Na Mungu alikwambia kwa nini Aksanti?"

"Bado. Nikifika nitamuuliza."

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Eliza. Ameacha binti yake huyo, mkwewe, wajukuu wanne na dada yake mdogo aliye Kigwena. Ameacha pia Nahodha Mansuri, ambaye familia imeomba asimame pamoja nasi kama ndugu, na tunamwambia murakoze, asante sana, kwa kukubali.

Mama yetu, uliza swali lako bila haraka. Ukishajibiwa, pumzika kwa amani.