Injini ya Mtoni Juu ya Mlima

Injini ya boti haina kazi Newala, mji uliokaa ukingoni mwa mlima huku mto Ruvuma ukionekana chini kabisa, mwembamba kama uzi. Lakini asubuhi ile injini moja ilining'inia kwenye mdomo wa pipa tupu, mbele ya benchi la Kibibi muuza kahawa, na watu wameiinamia kama mgonjwa. Mwenyewe, Silvano, hakuwa amegusa kikombe. Aliinunua Mtwara, mkononi mwa mtu, msimu ule wa kwanza wanunuzi binafsi walipoingia kugombea korosho. Sasa mkono wa gia unagoma, na basi la Mtwara, la kuirudisha kwa aliyemuuzia, linaondoka adhuhuri. Akiirudisha, mjomba Ladislaus hataletwa. Mzee yuko ng'ambo ya Ruvuma, mbali upande wa juu wa mto, na mguu wake haukunjiki; kwa kasia hafiki. Jumamosi Joel, mtoto wa dada yake Silvano, anatoka jandoni. Nani atasimama mbele ya ukoo, mjomba mkubwa asipokuwapo?

Basil, dereva mstaafu wa lori waliyemwita Gia Tatu, alishika mkono wa gia, akafumba macho, akausikiliza.

— Klachi imekufa.

— Haina klachi, mzee, alisema Silvano.

— Ndiyo maana.

Swalehe, mwenye mashine ya kusaga, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Yeye aliona kile chuma cha kupitisha gia kimenyooka mno, kipigwe kidogo.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema, akiangaza nyundo iko wapi.

Silvano alikuwa ameikalia.

Basil hakukubali kushindwa. Akaeleza kwamba injini hii imezoea chumvi ya pwani, na huku juu hewa haina chumvi; inaona ugeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe si ile ya kuwashia? Swalehe akapanda juu zaidi. Alisema soko huria limeleta vitu vya kila nchi, na ziko nchi ambako watu hupiga makasia wakitazama walikotoka. Injini ya huko haina mbele. Wakabishana kama mjomba angekubali kuletwa kinyumenyume, na Silvano, akitazama jua, alianza kufungua kamba iliyoifunga pipani ili aibebe stendi.

Ndipo Lois, mama yake Joel, alipofika kutoka bombani, ndoo kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Joel.

Alimtazama kaka yake akifungua kamba. Akasimuliwa yote, chumvi na makasia.

— Kaka, huko mtoni utaingiza gia injini imezimwa?

Wote wakageukia kamba ya kuwashia. Hakuna aliyekuwa ameiwasha injini. Injini ile hupozwa kwa maji, ikiwashwa pakavu inaungua. Na mwezi ule wa kiangazi, Newala, ambako maji ni ya shida, nani angeyamwaga pipani? Wakaijaribu ikiwa kimya, kama lori.

Lois alishusha ndoo, akaimimina yote pipani. Swalehe akaondoka, akarudi na madumu mawili ya maji ya nyumbani kwake. Basil akaleta maji yake ya kutawadhia. Kibibi akatazama mtungi wake wa maji ya kahawa, akaubinua.

Silvano akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanguruma. Akausukuma mkono wa gia. Chuma kikalia mara moja, meno ya ndani, sasa yakizungushwa na injini, yakakutana, pangaboi likazunguka na maji yakawarukia wote usoni. Akarudisha nyuma, ikaingia. Mbele tena, ikaingia.

Alipoizima, pipa lilikuwa na utando wa mafuta. Maji yale hayakufaa tena hata kuoshea vikombe. Silvano alitaka kushukuru, akawatazama mmoja mmoja.

— Nenda kamlete mzee, alisema Basil, akimnyooshea Kibibi kikombe.

— Kahawa yenu hiyo hapo pipani, alisema Kibibi, na akaanza kukunja jamvi.