Shangazi Anaondoka, Shemeji Amenyamaza

Ijumaa tarehe 29 Agosti, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi wa Kitengo cha Vyeti vya Vizazi na Vifo atastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika miaka hiyo, miwili ya mwisho haikuwa yake. Ilichukuliwa na programu ya kupigia muziki. Hilo nitalieleza kwa utaratibu, kwa sababu wafanyakazi wapya hawaachi kuniuliza kama ni kweli mume wake aliwahi kuandika barua ya kikazi akiomba arudishiwe mke.

Ni kweli. Barua ipo kwenye faili.

Shangazi aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, kama mpiga chapa. Alipewa taipureta ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imevunjika, na kwa miezi tisa alijaza kila "a" kwa kalamu, moja moja, kwa mkono uliotulia kiasi kwamba mkaguzi mmoja aliuliza ofisi imenunua mashine gani hiyo nzuri. Alipanda cheo mara tatu. Sote tunamwita Shangazi. Mkurugenzi naye humwita hivyo anapotaka kitu. Asipotaka kitu humwita Karani Mwandamizi.

Kompyuta kumi na nne zilipoletwa tulipewa mkufunzi wa siku mbili. Sisi wengine tulimwuliza zinawashwaje. Shangazi alimwuliza zinazimwaje.

Kosa linalohusika hapa ni la kwangu, na shajara yangu inayo tarehe: Alhamisi, 12 Juni, miaka kumi na moja iliyopita. Siku hiyo tulikuwa tunamuaga dereva mkuu, ambaye tulizoea kumwita Kapteni. Nikiwa katibu wa kamati ya sherehe, niliona ni vizuri atembee kutoka ukumbini hadi getini huku wimbo anaoupenda ukimsindikiza kwenye spika za korido. Nikaweka programu ya muziki kwenye kompyuta ya Shangazi, iliyokuwa karibu na waya wa spika. Kisha, kwa kuwa sipendi kubahatisha, nikaiweka kwenye zile kumi na tatu pia, ili moja ikigoma nyingine iendeleze.

Wimbo ulipigwa kwa dakika mbili na sekunde kumi. Mtunza stoo, aliyekuwa amebeba kreti ya soda, akajikwaa kwenye waya, na waya ukakatika. Kapteni alikuwa katikati ya korido na geti. Alisimama, akageuka, akangoja kidogo, akatupungia mkono, akaenda zake. Kesho yake Mkurugenzi akatoa waraka kwamba programu ya muziki isifunguliwe tena mpaka waya wa spika utengenezwe. Ombi la kutengeneza waya lilipelekwa makao makuu. Bado liko huko.

Hatukuifungua tena. Lakini yenyewe ilikuwa inajifungulia mambo yake.

Kila asubuhi kompyuta zilipowashwa, feni zilianza kuvuma kama zinapepeta mchele, na cheti kimoja kikawa kinachukua dakika kumi na moja kutokea kwenye kioo. Foleni ilifika barabarani. Shajara yangu ya Jumatano, 20 Agosti ya mwaka ule inasema: "Leo mtoto aliyeletwa mgongoni kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa ameondoka akitembea. Hatua zake za kwanza amezipiga dirisha namba mbili. Tumepiga makofi." Sisi tulizoea. Tuliwasha mashine, tukaenda kunywa chai, tukarudi, tukakuta bado, tukaenda tena.

Shangazi hakuzoea. Alifungua ile orodha inayoonyesha kila kazi ambayo kompyuta inaifanya kichinichini, akaisoma kutoka juu hadi chini kama daftari la mahudhurio, akiuliza kila jina kwa sauti, "Na wewe, nani kakuita?" Akawakuta watano ambao hakuna aliyewaita, wote watumishi wa programu ya muziki. Akawapa majina. Mgoja Simu alikuwa anangoja mtu achomeke simu. Mwuliza Habari alikuwa anauliza kila baada ya dakika tano kama kuna toleo jipya. Mpanga Nyimbo alikuwa anapanga nyimbo, na kwa kuwa wimbo ulikuwa mmoja tu, aliupanga huohuo kila siku kwa muda wa nusu saa. Msaka Spika alikuwa anaitafuta spika iliyopotea. Wa tano haikujulikana anafanya nini.

Kwa miezi saba Shangazi aliwazima kwa mpangilio wa orodha, na kwa miezi saba waliinuka tena kabla hajafika kompyuta ya pili. Jumanne, 7 Aprili, aligundua kazi ya wa tano. Alikuwa ni wa kuwaamsha wenzake. Akampa jina la Shemeji, na akatufafanulia kwamba huyu ndiye anayekuja bila taarifa, halafu anafungua mlango wa nyuma awaingize rafiki zake. Tangu siku hiyo akawa anaanza na Shemeji. Wale wanne wakawa wanalala kimya mpaka kesho yake.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya asubuhi, isiyo kwenye barua ya ajira. Alifika saa moja na dakika kumi, akapita vyumba vyote vinne, mashine kumi na nne, watumishi watano kila moja. Cheti kikashuka hadi dakika mbili. Nimepiga hesabu kutoka kwenye shajara: siku za kazi 2,412, mara sabini kila siku, yaani mara 168,840. Sijaingiza miezi saba ya mwanzo, maana ile ilikuwa ni kuamshana tu.

Mtu atauliza kwa nini programu haikuondolewa. Mtunza stoo, kwa majuto ya ule waya, alikuwa ameiandikisha kwenye daftari la mali za ofisi, na mali haiondolewi bila Bodi ya Uchakavu kuikagua. Bodi ilikuja, watu watatu, na mizani. Walizunguka kompyuta, wakainama chini ya meza, wakaomba ionyeshwe. Shangazi aliwaeleza kwa heshima kwamba inafanya kazi bila kuonekana. Wakaandika: "Mali haionekani. Hali yake ni nzuri. Iendelee."

Fundi wa makao makuu naye alikuja. Aliondoa tiki ili watumishi wale wasianze pamoja na kompyuta, akala chakula cha mchana, akaondoka. Asubuhi yake Shemeji alikuwa amezirudisha tiki zote. Fundi akaandika ripoti kwamba dawa iko ndani ya programu yenyewe, kwenye mipangilio, na ni lazima ifunguliwe. Pembeni ya ripoti Mkurugenzi akaandika kwa wino mwekundu: "Haifunguliwi. Rejea waraka wa waya."

Basi Shangazi akatimiza miaka sitini, na ikaonekana kwamba hawezi kuondoka. Alitafutwa mrithi. Karani wa dirisha namba moja alijifunza kwa wiki mbili, akazima kitu ambacho hakikuwa kwenye watano, na kioo kikawa cheusi. Mhudumu wa masjala alimwacha Shemeji mwisho, akidhani amemhurumia. Mimi niliandika mwongozo wa kurasa tisa, nikaufuata neno kwa neno, na saa nne asubuhi nilikuwa bado kompyuta ya tatu, nikitoka jasho, huku watu wa foleni wakinipa pole. Muda wa Shangazi ukaongezwa mwaka mmoja. Kisha mwingine.

Sasa niseme kidogo kuhusu mume wake. Ni fundi mwashi, alistaafu zamani kidogo, na kabla ya mkewe kufikisha sitini alikuwa amejenga baraza mbele ya nyumba yao na kuweka viti viwili. Kimoja kimechakaa kwa kukaliwa. Cha pili, anasema, bado kinanuka rangi. Jumatatu, 3 Machi mwaka huu, ndipo alipoandika ile barua. Kichwa chake: "Yah: Kurudishiwa Mke." Ilipokelewa, ikapigwa mhuri, ikapewa namba ya kumbukumbu, ikajibiwa: "Atarudishwa atakapopatikana mrithi."

Mwisho wa Julai barua ya kumwongezea Shangazi mwaka wa tatu ilikuwa tayari kuchapwa. Kwa kuwa ndiye mchapaji bora wa ofisi, alipewa yeye aichape. Aliichapa bila kosa hata moja. Kisha akaiweka pembeni ya meza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, akakaa bila kufanya chochote. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila ameikumbuka rangi ya kile kiti na hawezi tena kusema ni ya kijani au ya buluu.

Nilimpigia mume wake simu. Alhamisi, 31 Julai, saa tatu asubuhi, Mwashi aliingia ofisini kwa Mkurugenzi na kofia mkononi, akauliza ni kitu gani hasa kinachomzuia mkewe. Mkurugenzi akamweleza kwa subira: hakuna mrithi, kwa sababu ya wale watumishi. Watumishi hawakomi mpaka programu ifunguliwe. Programu haifunguliwi mpaka waya utengenezwe. Waya unangoja makao makuu.

 Mwashi akauliza, "Waya wenyewe uko wapi, mheshimiwa?"

Akaonyeshwa. Akatoa plaisi mfukoni, akachuna ncha mbili, akazisokota, akazungushia tepu ya umeme. Ilimchukua dakika nne. Mtunza stoo alikaa chini akashika kichwa.

Ofisi nzima ilikusanyika nyuma ya kiti cha Shangazi. Akaifungua programu. Wimbo ulikuwa bado pale, umesimama kwenye dakika ya pili na sekunde ya kumi. Kwa miaka kumi na moja ulikuwa umekaa mkao wa kungoja spika irudi. Karani wa dirisha namba moja akamhimiza aende moja kwa moja kwenye mipangilio. Shangazi akamkatalia. Alisema hawezi kumfukuza mtu aliyekatizwa sentensi. Akaniagiza nimpigie Kapteni.

Kapteni alipokea akiwa shambani. Nikashikilia simu karibu na spika, Shangazi akabonyeza, na wimbo ukaendelea pale ulipokatikia, dakika moja na sekunde hamsini, sote tumesimama. Wimbo ukaisha. Kisha tukamsikia Kapteni akisema, "Kumbe unaisha vizuri hivyo. Jamani, mimi nilidhani mlichoka kunisindikiza."

Ndipo Shangazi akaingia kwenye mipangilio. Kulikuwa na visanduku vitano, vimepangwa kimoja chini ya kingine, kila kimoja na tiki yake. Akaziondoa zote, akianza, kwa mazoea, na cha Shemeji. Akafanya hivyo katika kompyuta zote kumi na nne, akafunga. Kesho yake, saa moja na dakika kumi, alifika kama kawaida, akawasha mashine, akafungua orodha. Hakukuta mtu wa kumzima. Feni hazikuvuma. Alikaa kusikiliza ule ukimya kwa dakika arobaini, kisha akaichana barua ya mwaka wa tatu, na Mkurugenzi akampa kapu la taka yeye mwenyewe.

Katika sherehe ya Ijumaa kamati imeamua kwamba hakutakuwa na muziki wa kompyuta. Tutaimba wenyewe, kuanzia mlango wa ukumbi mpaka getini, na hatutanyamaza kabla hajafika. Mtunza stoo ameombwa asibebe kitu chochote. Kapteni ataendesha gari la kuwapeleka nyumbani. Mwashi atakuwa anangoja nje, na nimethibitisha naye kwa simu: kiti ni cha kijani.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila "a" uliyoijaza kwa mkono, kwa kila foleni uliyoifupisha kabla hatujaamka, na kwa kutuvumilia tulipokwenda kunywa chai. Nimetazama orodha asubuhi ya leo, mashine zote kumi na nne. Hakuna kinachoendelea ambacho hatukukiomba. Nenda ukakae. Miaka yako miwili hatuwezi kukurudishia, lakini hii ijayo, iwe mingi na yenye afya, na iwe yako yote.