Safu za Manjano kwenye Pasipalumu ya Mama Amira

Bisha. Nakuambia bisha, halafu uje kwa miguu yako hapa Buja, kona ya Mutanga Sud, uchungulie juu ya ukuta wa Mama Amira, uone pasipalumu, yale majani ya bustani, ilivyofunga, kijani mpaka inatia kiu. Sasa nikikwambia majani hayo hayo yalikuwa yameungua, vidoa vya manjano vimepangana kama vifungo vya kanzu, utasema Tondeze anatunga. Tondeze ni mimi. Jina nimepewa na kijiwe, maana tondeze ni mashine ya kukata majani, na mtaa huu hakuna hata moja ambayo sijaivuta kamba. Shule niliiacha mapema, nayo ikashukuru. Basi Mama Amira aliniambia: majani yamepauka, weka mbolea, binti yangu ataolewa hapa hapa, kwenye majani aliyopanda marehemu baba yake kwa mkono wake. Nikachukua ire, ile mbolea nyeupe kama chumvi, nikaiweka kama tunavyowekea mahindi huko kwetu mlimani: hatua moja, kishimo, natia ya vidole vitatu, hatua moja, kishimo, natia. Mahindi si majani? Pasipalumu si majani? Niambie nilikosea wapi. Haikupita juma, kila kishimo kikazaa doa. Nikaja kijiweni kwa Shakuru muuza kahawa, ire sikuitaja, nikaacha wakubwa waeleze.

— Ni kiboko, alisema Bujiye. Huyu ni Twalibu, fundi wa magari. Kwake kila ugonjwa wa gari ni bujiye, ile plagi ya kuwashia injini, mpaka jina likamshika yeye. — Kiboko ametoka ziwani, akakojolea pale.

— Kiboko apande mpaka Mutanga? Huu mlima wote? nikauliza.

— Walikuwa wawili. Walipigana. Wahenga walisema: wapiganapo tembo wawili, majani ndiyo inaumia.

— Hao ni tembo, Bujiye.

— Hapa Buja tembo iko wapi? Tunatumia tuliye naye.

— Na walipigana kwa mistari, kama askari wa gwaride?

— Viboko wa siku hizi wamesoma. Si kama we, Tondeze.

Wakacheka. Nikacheka kuliko wote. Mzee Népomuscène, tunayemwita Prefe, yaani mkubwa wa serikali, kwa sababu alistaafu ofisi ya komine lakini tai haikustaafu, akagonga kikombe chake kwenye benchi.

— Mistari, messieurs, ndiyo preuve, ndiyo ushahidi. Hapo chini kuna bomba la Wabelji.

— Bomba la maji?

— La petroli! Mbelji alificha petroli yetu akaenda zake. Ndiyo maana wahenga wakasema: mficha uchi hazai.

— Sasa huyo Mbelji alikuwa anataka kuzaa nini?

— Usinikate maneno, Bujiye. Na chini ya petroli kuna madini, nikeli.

— Muzee Prefe ana haki, nikadakia. Mi mwenyewe, nikikata majani pale, nasikia harufu ya petroli.

— Mmesikia? Shahidi huyo!

Bujiye akaniangalia. — Harufu ya petroli si ni ya mashine yako?

Shakuru hakuwa amecheka hata mara moja. Aliinua birika, akatumiminia polepole, kisha akasema:

— Nyinyi mnacheza. Ile ni safu.

— Safu gani?

— Ya swala, ya msikitini. Angalieni nafasi: mutu na mwenzake, mutu na mwenzake. Marehemu Khaled, baba yake Amira, amekuja na watu wake, wamesimama pale. Hii ndoa haitaki.

— Kwa nini asiitake?

— Bwana harusi, Yahaya, si wa Gatumba? Kule ziwa likifurika maji inaingia mpaka kitandani. Baba gani atapeleka binti yake ndani ya maji?

— Damu ni nzito kuliko maji, alisema Prefe, na hakuna aliyemuuliza inaingiaje.

— Tena nimemwambia Mama Amira mwenyewe, Shakuru akaendelea, asubuhi nikimpelekea kahawa. Amelia sana. Amepiga simu Gatumba, amewaambia watu wa Yahaya wasubiri kwanza, mpaka aelewe marehemu anataka nini.

Kiboko nilimpenda. Petroli niliipenda zaidi. Lakini sasa harusi ya watu imesimama kwa ajili ya vidole vyangu vitatu.

— Tondeze, mbona unatoka jasho?

— Tangawizi ni kali.

Ndipo Amira akatokea kwenye kona, leso kichwani, macho mekundu, ndala za nyumbani miguuni. Wanawake hawakai kijiweni kwetu, lakini sote tulisimama kumpa benchi. Hakukaa.

— Asalam alekum, wazee wangu.

— Wa alekum salam, binti.

— Niko na swali moja tu. Ile majani, mizizi imekufa ao imeungua juu tu?

Prefe akanyoosha tai. Bujiye akakagua kucha zake zenye grisi. Shakuru akatikisa birika, lilikuwa tupu.

— Hakuna aliyeng'oa hata moja? Mnakaa hapa mnanizuilia bwana, na hakuna aliyegusa udongo?

— Binti, udongo wa marehemu...

— Muzee Shakuru, baba alimpenda Yahaya. Walikuwa wanakula samaki ndagala sahani moja, wanagombania vichwa. Na we, kaka Tondeze, uliweka nini pale?

— Ire.

— Uliiweka namna gani?

— Kama... kama ya mahindi.

Bujiye alipasuka, kahawa ikamtoka puani. — Yalaa! Bibi harusi amepandiwa mahindi!

— Kwa hiyo nikeli apana? aliuliza Prefe, kwa huzuni ya kweli.

Tukaenda wote. Nikainama katikati ya doa kama daktari mkubwa, nikashika majani, nikavuta. Mzizi ukatoka mweupe, wenye maji, hai kabisa! Amira akaketi pale pale chini, anacheka na kulia pamoja, anaita: — Mama! Piga simu Gatumba! Mama Amira akatoka, akautazama mzizi, akanitazama mimi. Nilingoja kiatu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. — Alhamdulilahi, akasema. Mupumbavu we, alhamdulilahi.

Robine, bomba la pale uani, ilikuwa imekauka, kama kawaida yake, basi tukabeba bidoni za maji kutoka kwa jirani kuisukuma ile ire ishuke chini. Prefe alibeba na tai yake. Shakuru alichukua bidoni kubwa kuliko zote. Majani yakatambaa, yakaziba vidoa, na siku ya harusi wanawake wa Gatumba walicheza pale bila viatu, wakauliza ni nani mtunza bustani hodari hivi. Nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza swali.

Haya. Kuna kipande nimekiruka. Nimesema niliinama, nikavuta. Sikuvuta. Mikono ilikataa. Niligeukia ukuta, macho nimeyafumba kama mtu anayengoja sindano, na ni Amira aliyeng'oa.

— Mweupe ao mweusi? nikamuuliza.

Akaukung'uta udongo kwanza, polepole, makusudi.

— Geuka uangalie mwenyewe, kaka.

— Siwezi. Sema tu.

— Mweupe, muoga we.