Vikuba Viwili vya Bi. Mwanarusi

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu mlio ndani, na nyinyi walimu mliotoka mbali. Mimi ni Sharif Mbwana, ndugu wa marehemu, tulioachiana ziwa, na familia imenipa historia hii niisome, ingawa wengi humu mnajua kulikuwa na miaka ambapo nisingepewa.

Bi. Mwanarusi Mbwana Idarus alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mtongwe, Likoni, kifungua mimba wa Mzee Mbwana, mkulima, na Bi. Zubeda, mtunga vikuba vya asumini vilivyovaliwa na maharusi wa Likoni nzima, na kwenye mkeka wa mama ndiko alikojifunza kwamba ua husema. Alisoma Kurani chuoni na shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari 1978 na chuo cha ualimu 1981, akafundisha Kiswahili Likoni na Changamwe miaka arobaini, hadi alipostaafu 2021. Tarehe 8 Disemba 1984 aliolewa na Bw. Luqman Taufiq, wa mizigo uwanja wa ndege, wakajenga Miritini, wakajaaliwa Jalila mwaka 1986 na Taufiq mwaka 1990.

Dada alikuwa mwandishi, tena hodari, na hilo nalisema bila kupepesa macho. Hakuandika kwamba fulani ampenda fulani, aliandika kilua kimeachwa dirishani. Hakuandika kifo, aliandika rihani mbichi mkononi mwa mtoto. Mhariri wake alipomtaka aeleze maana ya kila ua mwishoni mwa kitabu, alimjibu kwamba asiyejua ana jirani, amuulize.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka Mei 2009, na ndani yake mna hadithi ya mume anayenunua vikuba viwili jioni, akafika nyumbani na kimoja, mke akakipokea, akakivaa. Basi, hadithi imekwisha, hamna jina, hamna mtaa, hamna tusi.

Nami, jamaa zangu, nilikuwa nikinunua viwili.

Dada hakujua, wallahi, alitunga tu, lakini mimi nilipita baraza kwa baraza nikikana jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, mpaka watu wakaanza kuuliza. Mke wangu Fatma akajua kwa kelele zangu, si kwa kitabu. Nilisema dada amenisingizia, amevunja heshima ya nyumba, nikaenda hadi shuleni kwake kitabu kikaondolewa kabatini, naye akaweka kalamu chini miaka minane. Ramadhani ya 2011 alivuka feri, akaja kuniomba radhi, yeye mkubwa kwangu, nami nikaketi kitini nikaipokea.

Aliandika tena 2017, vitabu viwili, vizuri kuliko cha kwanza. Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani, akatibiwa kwa subira kubwa. Mwezi wa Julai mwaka huu nilimpelekea asumini hospitalini, nimekusudia kusema, akainusa, akacheka, akauliza kama Fatma naye nimemnunulia, nami nikacheka, nikaaga, sikusema. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, alfajiri, Jalila akiwa kamshika mkono.

Twawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Miritini waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake, ambao wamekirudisha kitabu kile kabatini bila kuningoja mimi.

Desturi ni kuwaomba mumsamehe marehemu iwapo aliwakosea, nami nawaomba. Lakini mimi hakunikosea, na ile radhi niliyoipokea haikuwa haki yangu, ilikuwa mimi ndiye wa kuiomba, na naiomba leo mbele yenu, nimechelewa. Da Mwanarusi, hukunisingizia. Pumzika kwa amani.