Mama Muhtasari na Herufi Mbili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama juani kwa kuwa turubai tulilopewa na halmashauri ni moja, familia inawaomba utulivu ili yasomwe maisha ya mama yetu, ambayo mwenyewe aliacha maagizo yake kwa mwandiko wake mzuri, kwamba yasomwe yote bila kurukwa aya, na kwamba lile suala la neno moja kwenye ubao wake, ambalo mtaa mzima umelisimulia kwa miaka kumi na minane kwa namna uliyoipenda, lisemwe leo kama lilivyotokea, kwa sababu alikuwa mtu wa kumbukumbu sahihi, na alichokiogopa kuliko kaburi ni kuzikwa akiwa amesifiwa kwa uongo.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 3 Mei 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake aliyekuwa fundi baiskeli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, wakati ambapo kitongoji hiki hakikuwa mji wala shamba, lami iliishia kwenye kiwanda cha matofali, na aliyetaka kwenda mjini alitembea na viatu mkononi hadi lami ilipoanzia, akanawa miguu kwenye bomba la kiwanda, akavaa, ndipo akawa mtu wa mjini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akajulikana kwa mwandiko, hata mwalimu mkuu akawa anamwita darasani kwake kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake, jambo lililomnunisha dada yake kwa muhula mzima, na baada ya miaka miwili ya kumsaidia baba yake kuziba pancha alijiunga na chuo cha uhazili, 1967 hadi 1968, akahitimu kwa kupiga chapa maneno sitini kwa dakika na kwa hatimkato, na kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi ielezwe kwamba hatimkato ni maandishi ya mikwaju na vikonyo, yanayonasa sauti na kuacha irabu njiani, ili mkono uweze kukimbia sambamba na mtu anayesema, na anayeandika hivyo hana budi kurudi baadaye kuyafasiri maandishi yake mwenyewe kama barua ya mgeni.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa na halmashauri kama mpiga chapa, wakati ambapo mtu alikuwa akimaliza chuo Desemba na Februari ana meza, habari ambayo kitinda mimba wake, mwenye shahada ya utawala wa umma ambayo utawala wenyewe haujaihitaji hadi leo, huisikiliza kama hadithi za kale, na meza hiyo ilikuwa ya pili kutoka mlangoni, katika chumba chenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta hadi wageni wakateleza, chenye harufu ya wino wa stensili na karatasi za kaboni, ambako vikao vyote vya madiwani vilipita kwenye vidole vyake kwa miaka thelathini na mitano, madiwani wakaja na kuondoka, wengine kwa kura na wengine kwa aibu, yeye akabaki, na hakuna muhtasari wake hata mmoja uliorudishwa kusahihishwa.

Ilikuwa ni kwa muhtasari pia kwamba alimpata baba yetu, dereva wa greda wa halmashauri, aliyeingia ofisini siku moja na karatasi mkononi iliyosema greda na dereva wake vinahitaji matengenezo ya haraka, akauliza kwa upole matengenezo yake yeye yanaanza lini na yatafanywa na nani, mama akafungua daftari akamwonyesha kwamba ndivyo diwani alivyosema, neno kwa neno, na kwamba yeye haongezi wala hapunguzi, baba akasema basi atakuja kila wiki kukagua, akaja, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1975, wa pili 1978, wa tatu 1983, na wa mwisho 1992, ambaye alikuja, kwa maneno ya baba, nje ya ajenda.

Waliolelewa katika nyumba ile wanajua kwamba ilikuwa na vyumba vitatu na katiba, kwamba daftari za mazoezi zilikuwa ni migongo ya mihtasari iliyoharibika, watoto wakajifunza kusoma kwa kufumbua habari za mifereji na leseni za mabucha, kwamba chakula cha jioni kilifunguliwa kwa kuuliza nani hayupo na kwa udhuru gani, kwamba ugomvi wa jana uliitwa yatokanayo na haukuruhusiwa kuchanganywa na wa leo, na kwamba viatu vya shule viliombwa kwenye mengineyo, mwishoni kabisa, wakati baba ameshiba, na mtoto akiambiwa tumelichukua alijua hapo hakuna viatu, kwa sababu mama alishatueleza kwamba halmashauri nzima inaendeshwa kwa neno hilo, linachukuliwa na hakuna anayejua limepelekwa wapi.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akakaa nyumbani wiki tatu, akapanga upya kabati ambalo halikuwa na shida yoyote, kisha akabeba ubao mweusi wa shule ya chekechea iliyofungwa, akautundika kwenye ukuta wa duka la mdogo wake, fundi cherehani mnayemwona hapa mbele, na kuanzia siku hiyo kila kikao cha halmashauri alikwenda kama mwananchi, akakaa benchi la wageni na daftari lake, na saa kumi alasiri yakawa ubaoni, nini kimeombwa, nani kasema nini, nani hakuja, na chini kabisa idadi ya waheshimiwa waliosinzia, bila majina, safu tu, na mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukisongamana pale, wanaotoka kazini na mifuko yao, wanafunzi, wauza mboga, tukasoma na kubishana hadi fundi atufukuze kwa kumzibia mwanga, na kipindi hicho, waombolezaji, watu wa mtaa huu walijua jina la mhandisi wa maji kuliko la mchezaji yeyote wa mpira, na ndipo mama akaitwa Mama Muhtasari.

Sasa suala lenyewe, ambalo linahusu kiwanja cha nyuma ya soko, kilichoombwa kwa ajili ya zahanati tangu mwaka 1988 na kuchukuliwa kila mwaka kwa lile neno mnalolijua, huku akina mama wajawazito wakipandishwa kwenye mikokoteni ya maji kuvuka mji, na Alhamisi tarehe 17 Agosti 2006 ramani ya zahanati hiyo ililetwa kikaoni, madiwani wakaitazama, wakaipitisha mkono kwa mkono kama picha za harusi, wakaiweka mezani, na ikaandikwa kwamba ramani imepitiwa, yaani imeangaliwa, basi, na ajenda iliyofuata, iliyosomwa kwa haraka ya mtu anayewahi choo, ilikuwa kukikodisha kiwanja hicho hicho kwa yadi ya magari, ikaahirishwa kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Saa kumi alasiri ubao ulisema ramani ya zahanati imepitishwa.

Jumamosi watu hawakusubiri kuambiwa, walitoka na majembe na mafyekeo, fundi mwashi akapiga kamba za msingi, muuza maziwa akaleta debe zima akaligawa, baba yetu, ambaye greda ilishamvunja mgongo, akakaa kwenye kiti kuelekeza watu wasawazishe vipi, na kabla ya jua la mchana kiwanja kilikuwa cheupe kama mkeka, na wengi waliopo hapa watasema hawajawahi kuuona mtaa huu ukiwa na furaha kama ile.

Jumatatu akaja afisa wa halmashauri na muhtasari rasmi mkononi, akauweka juu ya cherehani, mama akausoma, akafungua daftari lake, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, na mdogo wake anasema hakuwahi kumwona dada yake akiwa na uso ule, hata kwenye msiba wa wazazi wao, kwa sababu kwenye hatimkato imepitiwa na imepitishwa zinatofautiana kwa kikonyo kimoja, kikonyo hakikuwepo kwenye daftari, na mkono wake, uliotamani zahanati kwa miaka kumi na minane, ulikiona.

Afisa alipoondoka mdogo mtu alimshika mkono, akamwambia, "Dada, usiuguse huo ubao, watu wameshalima, waache wajenge, wakishamaliza nani atathubutu kubomoa?" na mama alijua hesabu yake vizuri, akifuta watu watakiacha kiwanja na yadi itaingia, asipofuta zahanati inaweza kusimama juu ya neno ambalo halikusemwa, kisha akachukua kitambaa, akafuta, akaandika kwa herufi kubwa SAHIHISHO, akaandika neno lilivyokuwa, akaandika kwamba kosa ni lake, na akaleta kigoda akakaa chini ya ubao wake kwa siku tatu mfululizo, akimweleza kila aliyepita tofauti ya maneno mawili.

Isifichwe kwamba alitukanwa, kwamba fundi mwashi alimwambia mbele za watu kuwa amewafanya wote wapumbavu, kwamba wapo waliosema amenunuliwa na watu wa yadi, wakavuka barabara wasimsalimie, na kwamba baba alimpelekea chakula pale kigodani kwa sababu hakukubali kuondoka, lakini isifichwe pia kwamba kwa siku tatu hizo mtaa mzima, kuanzia dobi hadi kinyozi, ulijifunza kitu ambacho halmashauri isingeufundisha kwa hiari, kwamba jambo linaweza kuangaliwa miaka nenda rudi bila kukubaliwa, na kwamba kati ya kuangaliwa na kukubaliwa kuna mlango, na mlango huo una siku yake na saa yake.

Siku yake ilikuwa Alhamisi tarehe 16 Novemba 2006, saa nne asubuhi, ajenda ya yadi iliyoahirishwa iliporudi mezani, benchi la wageni likajaa, ukumbi ukajaa, korido yenye ile sakafu nyekundu ikajaa, watu mia mbili na zaidi, kimya kabisa, mwenyekiti akauliza kwa sauti isiyo ya mwenyekiti hawa wote wanataka nini, na muuza maziwa akasimama, akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, hatukuja kugomba, tumekuja kuomba herufi mbili tu, sh," na ilipofafanuliwa kwamba imepitiwa ikiongezewa hizo inakuwa imepitishwa, hata wa safu ya pili waliokuwa wamesinzia waliamka, kura ikapigwa, kumi na tisa kwa wanne, na zahanati ikafunguliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2008, mama akikata utepe kwa mkasi wa mdogo wake.

Ubaya ulianzia hapo, maana mtaa uliokuwa umemtukana ukaamua kwamba alifanya makusudi, kwamba alikuwa mjanja, akatega, akawanasa wakubwa, watu wakawa wanamkonyeza sokoni, diwani mmoja akamsifu jukwaani kwa uongo wake mtakatifu, na kadiri alivyokana ndivyo walivyocheka na kumpigia makofi, naye lilimuuma hadi mwisho, kwa kuwa aliamini kwamba karani akiandika uongo mzuri leo, kesho mwenzake ataandika uongo mbaya kwa kalamu ile ile, na wote wawili watakuwa na sababu.

Baba alifariki mwaka 2011, mama akaendelea na ubao hadi Septemba 2024 figo zilipomzuia kusimama, akatibiwa kwenye zahanati hiyo hiyo, baadaye hospitali kuu, na Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu kitinda mimba wake, aliyekuwa na muda wa kukaa naye kwa sababu zinazojulikana, alimwuliza kwa mara ya mwisho kama kweli hakukusudia, naye akatabasamu kwa taabu, akasema, "Wao waliipitia, mwanangu, mimi nikapitiwa, andika hivyo hivyo na usinipambe," na Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Kwa hiyo familia inatamka mbele yenu kwamba mama yetu alikosea, na tunawaomba msicheke wala kukonyezana, daftari la siku ile liko hapa mezani, na ingawa waliobaki wanaojua kulisoma walikuwa wawili tu mtaani na mmoja wao ndiye tunayemzika, wa pili, mzee aliyekuwa karani wa mahakama, alilisoma jana kwa miwani miwili na kuthibitisha kwamba kikonyo hakipo, na kama mnataka kumsifu msifuni kwa Jumatatu ile aliyoshika kitambaa, hiyo aliifanya makusudi.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na mdogo wake fundi cherehani, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati waliomwita mama mwenye nyumba, majirani waliochota maji na kupika bila kuombwa, fundi mwashi aliyejenga kaburi na kukataa hata ahsante, wafanyakazi wenzake wastaafu waliokuja kwa fimbo, na halmashauri kwa turubai na kwa barua ya rambirambi, ambayo ilikuwa na makosa matatu ya chapa, tumeyasahihisha kwa kalamu nyekundu kwa heshima yake.

Tangazo ni moja, kwamba kikao cha halmashauri ni Alhamisi ijayo tarehe 20 Februari, saa nne asubuhi, na ajenda ya sita inapendekeza viti vya wananchi vipunguzwe kutoka arobaini hadi kumi na viwili, kwa maelezo kwamba mwaka mzima uliopita kilikaliwa kimoja tu.

Mama, hicho kimoja umekikalia vya kutosha, pumzika sasa kwa amani, Alhamisi tutakwenda sisi.