Mwanamke Ametoa Wapi Tezi?

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo amina ni baridi. Bwana asifiwe! Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Nimekuja na hasira, na Mungu anaijua.

Mimi ni Mama Wafula, yule muuza mitumba wa Kariobangi. Mwanangu alipofika miezi mitatu, moyo ulianza kunienda mbio nimekaa tu. Nikakonda, mikono ikitetemeka. Kisha mambo yakageuka. Nikanenepa bila kula, nikasikia baridi jua likiwaka, usingizi ukanishika hata nikipanga nguo sokoni. Nanyi mkasema nini? Mkasema nina roho ya uvivu. Mkaikemea hapa hapa mbele, mkanisukuma kichwa hadi nikaanguka!

Nilienda kliniki, nikapimwa damu. Daktari akasema tezi imevimba, akaniandikia barua nirudi kuanzishiwa dawa. Nikaileta habari kwenye kikundi chetu cha akina mama, nikidhani mtaniombea. Mama Respa, kiongozi wetu, akaangua kicheko. "Tezi? Wewe mwanamke umetoa wapi tezi? Hiyo si ya wazee?" Wote mkacheka, maana hapa kwetu tezi ni tezi dume tu, ile ya wanaume inayotangazwa redioni. Na mimi, ndugu zangu, nikaona aibu, nikaichana ile barua. Hasira yangu inaanzia hapo, kwangu mwenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha mtoto kwenye karai. Nikasinzia. Nimemshika mtoto, nikasinzia! Mlango ulikuwa wazi, na Mama Halima, jirani yangu Mwislamu, alikuwa akianika nguo kwenye korido. Ndiye aliyemtoa Wafula majini, maji yakiwa yameshamfika puani. Mtoto akakohoa, akalia. Hadi leo akilia simnyamazishi haraka, maana kilio kile ndicho kilichoniambia yu hai.

Mama Halima hakunikemea. Alimbeba mtoto mgongoni, akanishika mkono, tukarudi kliniki. Nesi akanieleza polepole kwamba mwili una tezi nyingi. Hii yangu ni ya shingoni, ndiyo inayoendesha nguvu za mwili. Nilipozaa, kinga yangu mwenyewe iliigeukia ikaishambulia. Kwanza tezi ikamwaga kila ilichokuwa nacho, ndiyo yale mapigo ya moyo. Kisha ikaishiwa. Si uvivu! Si pepo! Wengine hupona wakaacha dawa, wengine humeza maisha yao yote. Mimi bado wananipima.

Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi nasema asante Yesu. Wafula anatambaa, mmemwona akivuta viatu vya mchungaji. Namshukuru Mungu aliyemtuma Mama Halima wakati ninyi mlikuwa mnacheka.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, lakini msimchagulie mlango wa kuingilia. Kama kuna dada hapa amechoka na haelewi kwa nini, aje kwangu, nitamsindikiza apimwe. Na sasa kila mtu aweke mkono shingoni, chini kidogo ya koromeo. Wekeni! Tezi iko hapo. Mama Respa, weka na wewe. Hata wewe unayo.