Maisha ya Mzee Polepole, Mwandishi wa Hadithi

Mjane wake hakutaka kuandika wasifu huu. Aliishia darasa la pili, na nyumba imejaa wenye digrii. Lakini walipomletea karatasi yao, "marehemu alikuwa gwiji wa tasnia," aliichana. Yeye hakuolewa na gwiji. Aliolewa na Polepole.

Polepole alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, kitindamimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nane, karo ikakosekana.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kupanga herufi za risasi moja moja kwa vidole. Huko ndiko alikoyachokea maneno marefu. Alisema ukiyabeba mkononi ndipo unajua uzito wake ni wa bure.

Walioana tarehe 12 Oktoba 1974. Jioni yeye aliandika mezani, mkewe akipiga pasi nguo za watu. Kila sentensi alimsomea. Pasi ikiendelea kutembea, aliikata sentensi hiyo.

"Mama watoto, hata hii?"

"Hata hiyo. Inajipitia tu."

Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamemzika, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja. Jioni moja Polepole akasoma: "Mama alikunja nguo za mtoto. Akazikunja tena." Pasi ikasimama. Shati la mteja likaungua, na hakuna aliyeinuka kuliokoa. Ndipo walipomlilia mtoto wao pamoja. Hadithi ile ina kurasa kumi na mbili. Ilimchukua mwaka mzima.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Mchapishaji alimfuata wodini, hadithi ya mwisho mkononi.

"Mzee wangu, lugha nyepesi mno hii. Watasema ni ya watoto. Tumpe mtu aipambe kidogo."

Polepole akaitafuta pumzi. "Kapambe harusi," akasema. Hakuwa na nguvu ya kubishana zaidi, na mchapishaji akaondoka nayo bila kuahidi kitu.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe amemshika miguu iliyokuwa inapoa.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko alilojinyima.

Na wewe mchapishaji, uliyekaa safu ya mbele na miwani yako: simama, useme mbele ya watu hawa kwamba hutaongeza neno. Sema kwa sauti. Jeneza halishuki mpaka useme.